Huyu mvumaji wa mgongo wa kijani si ndo yule asiye na shida?

SWALI: Niko Brookings, pwani ya kusini mwa Oregon, Marekani. Nimetundika chupa ya maji ya sukari kibarazani, anakuja ndege mvumaji (hummingbird) wa rangi ya kutu ila mgongo kijani. App inasema ni Allen's. Nasikia anayepungua ni Rufous, mvumaji mwingine anayefanana naye, Allen's yuko salama, kwa hiyo nisihofu? Na nikimwekea asali si atapata nguvu zaidi?

JIBU: Kaka, app iweke pembeni kwanza. Hapo ulipo hawa wawili wanakutana na wanazaliana, machotara wapo kibao, na hata madume ya Rufous wenyewe kuna wachache wana mgongo wa kijani. Subiri atandaze mkia: unyoya wa pili kutoka katikati, Rufous una pengo dogo karibu na ncha, Allen's hauna, na ule wa pembeni kabisa wa Allen's ni mwembamba kama sindano. Jike ndo usijisumbue, hata sisi watu wa ndege mpaka tumshike tumpime.

Ila kinachonichosha sio mgongo, ni hilo la "yuko salama". Naletewa kila mara! Mtu anafungua orodha ya IUCN, lile shirika la uhifadhi la dunia linalopanga spishi kwa hatari ya kutoweka, anakuta Rufous tangu 2018 yuko kundi la wanaokaribia kuwa hatarini, Allen's kundi la wasiwasi mdogo, basi kamaliza, anafyeka vichaka vyake kwa amani. Sasa mbona ripoti ya hali ya ndege Marekani ya 2025 imemweka huyohuyo Allen's kwenye tahadhari nyekundu? Kumbuka IUCN inapima spishi nzima kwa mkupuo, na Allen's wako wa aina mbili. Kuna wasiohama, zamani walikuwa visiwa vya Channel tu, pwani ya California, miaka ya 1960 wakavuka kuja bara na leo wamejaa kwenye bustani za Los Angeles. Halafu kuna wanaohama, wanakaa Mexico kipindi cha baridi wanarudi kuzaa kwenye kaukanda kembamba ka pwani ya California mpaka hapo kwako, na hao ndo wa kuhofia. Ukiwahesabu pamoja, wa Los Angeles anamficha wa Brookings. Rufous naye kapungua zaidi ya nusu tangu miaka ya 1960 lakini bado wako mamilioni, kilichomponza kwenye orodha ni kasi ya kupungua, sio kwamba kabaki mmojammoja kama mnavyotumiana kwenye magrupu.

Asali usithubutu, inaota kuvu na kuvu inaua. Sukari nyeupe sehemu 1, maji sehemu 4, basi, na joto likizidi osha chupa kila baada ya siku mbili. Na hawa hawaishi kwa sukari tu, wanakula vidudu na buibui, vifaranga ndo kabisa, sasa unakuta mtu kapuliza sumu ya wadudu uwanja mzima halafu ananiuliza dawa ya kuwanenepesha ndege. Hamna dawa! Ule unga mwekundu wanaowauzia eti nekta yenye vitamini ni sukari na rangi, mvumaji hauhitaji, anafuata hata kifuniko chekundu cha chupa.