Maharage, maziwa na tumbo linalojaa: urudishe kipi kwanza?

SWALI: Tumbo langu hujaa gesi na kunguruma kila nikila. Mwezi uliopita niliacha maharage, maziwa, chapati, vitunguu na matunda yote. Sasa nakula wali na samaki tu. Gesi imepungua, ila choo kimekuwa kigumu na mlo umenichosha. Nirudishe kipi, na kwa kipimo gani?
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Choo kigumu ni dalili ya kukosa nyuzinyuzi, kwa hiyo leo hii ongeza mchicha, karoti, papai, chungwa na ugali. Hivi havileti gesi nyingi kwa watu wengi. Ndizi kula, ila isiwe imeiva hadi ganda likawa na madoa meusi.

Vingine ulivyoacha virudishe kimoja kimoja: siku tatu za kukijaribu kwa kuongeza kiasi, kisha siku tatu za kupumzika. Anza na maziwa: robo kikombe, kesho yake nusu, siku ya tatu kikombe kizima, daima pamoja na chakula. Ukivurugika kwenye kikombe kizima, nusu ndiyo kiasi chako. Huna haja ya kuyaacha kabisa. Mtindi huwa mwepesi zaidi, maana bakteria wameshakula sehemu ya sukari ya maziwa.

Maharage ndiyo yanayowashinda wengi, na mara nyingi kosa huanzia jikoni. Yana sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja, zikifika utumbo mpana bakteria huzichachusha, ndiyo gesi hiyo. Sukari hizo huyeyuka kwenye maji. Basi yaloweke saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi, na kwa joto la Dar badilisha maji kabla ya kulala yasije yakachacha. Mwaga maji hayo, chemsha kwa nguvu dakika 10, mwaga tena pamoja na povu lake, kisha weka maji mapya na upike hadi punje ipondeke kirahisi kati ya vidole viwili. Jaribu vijiko viwili vya chakula, kesho yake vinne, kisha nusu kikombe.

Siku hizo usiunge kwa kitunguu wala usile na chapati. Ukila maharage ya nazi yenye kitunguu pamoja na chapati, tumbo likijaa utamlaumu nani? Kitunguu na ngano vina sukari nyingine ya kuchachuka, vijaribu kwa zamu yake. Hamu ya kitunguu ikizidi, kikate vipande vikubwa, kaanga kwenye mafuta hadi kinukie, kisha kitoe chote kabla ya kuweka nyanya. Sukari yake haiyeyuki kwenye mafuta, ila nyanya ikishaachia maji itaingia kwenye mchuzi, na kukitoa hapo hakusaidii. Majani ya kitunguu, sehemu ya kijani tu, hayana shida.

Kabla ya yote, pima choo kuangalia minyoo na vijidudu vya tumbo kama amiba na jiardia. Ukiona damu kwenye choo, unakonda bila kukusudia, una homa au kuharisha kunakuamsha usiku, nenda hospitali kwanza. Na chakula kinachovimbisha midomo au kubana pumzi ni mzio. Hicho usikijaribu nyumbani hata kijiko kimoja.