Mkanda wa jeshi ulipona, mbona mama bado anaumia?

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 71, anauza mboga Marikiti. Miezi mitano iliyopita alitokwa na mkanda wa jeshi kuanzia mgongoni hadi chini ya titi la kushoto. Ngozi ilishapona, lakini hata leso ikimgusa ubavuni analia. Anameza gabapentini, dawa ya maumivu ya neva (mishipa ya fahamu). Juzi daktari alitaja sindano ya mgongoni ya "kuchoma neva". Jirani anasema atapooza. Tukubali?
Msomaji, Umoja

JIBU: Pole dada, umfikishie mama pole zangu pia. Hajidekezi. Kirusi cha tetekuwanga, aliyougua zamani, kilijificha kwenye shina la neva kando ya uti wa mgongo. Kilipoamka kiliijeruhi neva yenyewe, na ndiyo inayouma sasa, wala si ngozi.

Kabla ya sindano, angalia anameza kiasi gani. Nakutana na wazee walioachiwa kidonge kimoja cha miligramu 300 usiku, miezi nenda miezi rudi, na hilo huniuma. Dozi hupandishwa polepole, figo zikiwa zimepimwa, huku tukichunga kizunguzungu asije akaanguka. Kuna pia dawa nyingine: vidonge vya amitriptilini na plasta ya lidokeini, ya ganzi, inayobandikwa panapouma.

Dawa zikishindwa, hiyo "kuchoma" isiwatishe. Mama atalala kifudifudi akiwa macho, atiwe ganzi, kisha sindano nyembamba iongozwe kwa eksirei hadi karibu na shina la neva. Umeme hupitishwa kwa mapigo mafupi, joto lisizidi nyuzi 42, kwa hivyo neva hutulizwa bila kuunguzwa. Hapasuliwi, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kupooza ni nadra sana. Pale mbavuni mimi huhofia zaidi sindano kugusa pafu, hewa ikavujia kifuani. Ndiyo sababu sikubali ichomwe bila picha. Kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, aitaje mapema, asiiache kwa uamuzi wake. Na wakichanganya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, sukari yaweza kupanda kwa siku kadhaa.

Nafuu hudumu wiki kadhaa au miezi, wengine hawaipati kabisa. Kwa hivyo muulizeni daktari ameifanya mara ngapi, gharama yote ni kiasi gani, bima ya afya ya serikali, SHA, italipa nini, na nani atamwona mama baadaye. Akiwajibu kwa subira, mimi ningekubali.