Eti wanga kwenye jipsamu bodi ni wizi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nafunga siling za jipsamu bodi miaka kadhaa sasa, juzi mteja kaniambia bodi hizi zimejaa kemikali na kwamba kiwandani wanatia wanga kuongeza uzito tu wapate faida. Kweli? Na mbona nyingine karatasi inabanduka kirahisi?

JIBU: Salama fundi. Hilo la wanga mteja wako kalishika kinyume kabisa, na maswali yako yote mawili jibu lake limo humohumo.

Bodi ni jipsamu iliyoganda katikati ya karatasi mbili. Unga wa jipsamu ni jasi (madini yenyewe ya jipsamu) iliyochomwa mpaka robo tatu ya maji yaliyofungwa ndani yake yakatoka, ukiuchanganya na maji unayarudisha yale yaliyotoka ndo unaganda. Kilo 100 za unga zinahitaji kama kilo 19 tu za maji ili zigande, ila kwa maji hayo utapata donge lisilomwagika, kwa hiyo kiwanda kinazidisha maji mara kadhaa halafu kinayakausha kwenye oveni. Sasa maji yakikimbilia nje kuelekea kwenye karatasi yanabeba wanga, wanga unabaki pale jipsamu inapokutana na karatasi na kuzikinga chembe za pale zisiungue. Bila huo wanga chembe zinapoteza maji tena zinarudi kuwa unga, na karatasi haina cha kushika. Uzito ndo kabisa hapana, kwanza wanatia povu la sabuni makusudi ili bodi iwe nyepesi!

Hizo kemikali nyingine zinazotiwa ni kidogokidogo: potasiamu salfeti au jasi iliyosagwa laini kuharakisha kuganda, asidi ya sitiriki (ile ya kwenye ndimu) kuchelewesha, na dawa ya kulainisha uji wa jipsamu ili maji yapungue, maana kukausha ndiko kunakokula moto mwingi. Bodi za sehemu zenye unyevu zinatiwa nta au silikoni, lakini usimwambie mteja haziingii maji, zinaingia, taratibu tu.

Mimi kinachonitia wasiwasi kwako ni vumbi unapopiga msasa, vaa barakoa tafadhali, kila siku.

Karatasi kubanduka basi inaweza kuwa bodi imeungulia kwenye oveni, wanga haukutosha, au imelowa stoo. Mzigo mpya ukifika kata kipande uvute karatasi: ikichanika ikaacha nyuzi zimeng'ang'ania jipsamu, funga. Ikitoka nzima, safi, irudishe kabla hujapanda ngazi.