Maswali na Majibu: Vipepeo wa Oman, picha za simu na daftari

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari hapa Ibanda, Bukavu. Mdogo wangu anafanya kazi Oman, na kila apatapo nafasi ya kutoka mjini hunitumia picha za vipepeo kwa WhatsApp, kwa kuwa anajua jinsi ninavyowapenda. Picha zimekuwa nyingi, lakini nikijaribu kuwatafutia majina ninakwama, hasa kwa wale wadogo wa samawati ambao machoni pangu wote ni sawa. Tungependa kufanya kazi inayoweza kumfaa mtafiti, si kukusanya picha za kupendeza tu. Tuanzie wapi?

JIBU: Mwalimu, kabla ya kutafuta hata jina moja, mwombe mdogo wako abadili namna anavyokutumia picha. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kupoteza taarifa ambazo simu iliziandika ndani yake, yaani tarehe, saa na, kama mwenye simu aliruhusu, mahali hasa ilipopigwa. Akiituma picha hiyo hiyo kama hati, itakufikia nzima pamoja na taarifa zake. Ninaanza na jambo hili kwa sababu picha safi ya kipepeo isiyo na mahali wala tarehe haimsaidii mtafiti kwa lolote kubwa, ilhali picha yenye ukungu kidogo, ikiwa imeandikiwa bonde ilipopigwa, mwinuko, siku na mmea aliotua kipepeo, itaweza kutumika hata baada ya miaka hamsini.

Halafu mwambie autazame mmea kabla ya kumtazama kipepeo. Hapa kwetu, ukipanda kuelekea Kahuzi, mimea ni mingi mno kiasi kwamba kumkuta kipepeo juu ya jani fulani hakukuelezi mengi. Katika rasi ya Uarabuni mimea ya porini ni michache na imetawanyika, na viwavi wa aina nyingi za vipepeo hula mmea mmoja tu au mimea michache ya jamaa moja. Kwa hiyo ukiujua mmea, orodha ya majina yanayowezekana hufupika mara moja. Penye mswaki, ule ule ambao watu husugulia meno, ndipo mahali pa kumtafuta Colotis phisadia, kwa sababu kiwavi wake hula majani ya mti huo. Penye mkunazi pataonekana vipepeo wadogo wa jenasi ya Tarucus. Katika bustani za mikomamanga za Jabal Akhdar, milima ya kaskazini mwa Oman, yuko Deudorix livia, ambaye wakulima wanamfahamu vizuri kuliko wangependa, maana kiwavi wake hutoboa tunda na kuishi ndani yake.

Mfano ulio karibu nawe zaidi ni wa milimau. Mwalimu, bila shaka umewahi kuona kwenye mlimau wa Bukavu kiwavi mchanga anayefanana na kinyesi cha ndege, ambaye baadaye hugeuka kuwa wa kijani, na ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya machungwa zenye harufu kali. Huyo ni Papilio demodocus. Kaskazini mwa Oman, kwenye ndimu na milimau ya huko, mdogo wako atakutana na ndugu yake wa karibu, Papilio demoleus, mwenye viwavi wa namna hiyo hiyo na mabawa meusi yenye mabaka ya manjano yanayofanana sana na ya huyu wa kwetu. Tofauti itafutwe kwenye bawa la nyuma, karibu na pembe ya ndani: demoleus ana doa jekundu, na demodocus ana doa la mviringo kama jicho, lenye samawati na ukingo wa rangi ya machungwa. Demodocus naye anaishi kusini-magharibi mwa rasi hiyo, kwa hiyo haifai kulichukua jina kwa mazoea ya nyumbani, wala kwa kufikiri kwamba aliyeko Uarabuni hawezi kuwa wa Kiafrika. Mwambie apige picha ya kiwavi pia, na ya jani analokula.

Sasa wale wadogo wa samawati. Picha ya upande wa juu wa mabawa, ambayo ndiyo watu wengi huipenda kwa rangi yake, haitoshi kabisa kwa kundi hili, kwa sababu alama za kuwatambulisha ziko upande wa chini, unaoonekana kipepeo anapotua na kukunja mabawa. Lampides boeticus, ambaye yuko Oman na pia katika mashamba yetu ya maharage, ana mistari mingi ya mawimbi ya rangi ya kahawia, ukanda mweupe ulio wazi karibu na ukingo wa bawa la nyuma, na kijimkia chembamba kando ya madoa mawili meusi. Freyeria trochylus ni mdogo zaidi, miongoni mwa vipepeo wadogo kuliko wote, na ukingoni mwa bawa lake la nyuma kuna madoa meusi yenye mng'ao wa kijani yaliyozungukwa na rangi ya machungwa. Hawa wawili picha nzuri moja ya upande wa chini inawamaliza.

Tarucus hawamalizwi hivyo. Baadhi ya spishi zake hufanana kiasi kwamba wataalamu wenyewe hulazimika kuchunguza viungo vya uzazi vya madume kwa hadubini ili kuzitenganisha, na hakuna picha ya simu itakayofanya kazi hiyo. Hapa ninaomba usikubali kushawishika kuweka jina kamili ili orodha ipendeze. Andika "Tarucus, spishi haikutambuliwa, kwenye mkunazi", uishie hapo. Rekodi hiyo ni ya kweli na inatumika. Rekodi yenye jina la kubahatisha itanakiliwa na mwingine, kisha na mwingine, mpaka ramani ionyeshe kipepeo mahali ambapo hajapata kuwapo.

Kuhusu wakati, jangwa halina vipepeo wengi mwaka mzima. Wengi huonekana baada ya mvua, mimea inapochipua, na kaskazini mwa Oman maana yake ni miezi ya baridi na ile inayoifuata. Kusini, katika mkoa wa Dhofar, pepo za khareef huleta ukungu na manyunyu tangu Juni hadi Septemba, milima ya juu ya Salalah ikawa kijani kabisa, na vipepeo wa huko wana uhusiano mkubwa na wale wa Afrika; kama mdogo wako atapata safari moja tu ndefu, ningemshauri aende huko mara khareef inapokwisha. Popote atakapokuwa, atoke asubuhi kabla ya jua kuwa kali au arudi alasiri, na asisahau vilele vya vilima, kwa kuwa madume ya aina kadhaa hukusanyika huko kuwangoja majike.

Katika daftari kila rekodi iwe na mahali, namba za ramani kutoka kwenye simu, mwinuko, tarehe, saa, idadi, mmea, na kile kipepeo alichokuwa akifanya: anakunywa, anataga, anaota jua. Saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24 na iwe saa ya Oman, ambayo imetangulia ya Bukavu kwa saa mbili. "Saa mbili asubuhi" ya Oman kwenye daftari lako na 08:00 kwenye simu yake ni wakati mmoja, lakini mtu wa tatu atakayesoma hataelewa hivyo. Picha na taarifa hizi zikiwekwa kwenye iNaturalist, tovuti ambayo watu huweka rekodi za viumbe walivyoviona, watu wengine wanaowajua vipepeo wa eneo hilo wataweza kuthibitisha jina au kulipinga, na rekodi haitabaki kwenye simu moja. Mengi tunayoyajua juu ya vipepeo wa Uarabuni yanatokana na kazi ya Torben Larsen wa Denmark, aliyefariki mwaka 2015, ambaye alichunguza pia vipepeo wa Afrika. Lakini rasi ni kubwa na mabonde yake ni mengi kuliko watafiti waliowahi kuyapita.

Asikamate wala kusafirisha wadudu bila kuuliza kwanza mamlaka za huko kuhusu vibali. Kwa kazi mnayoikusudia, picha zinatosha.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, ninaishi Himbi, Goma. Nimesikia kwamba kipepeo wa rangi ya machungwa tunayemwona hapa kila siku anapatikana hadi Uarabuni. Je, ni yule yule kweli, na kuna haja gani ya kumwandika kipepeo ambaye kila mtu anamjua?

JIBU: Ni yule yule, Danaus chrysippus, lakini haji kwa sura moja. Wako wenye ncha nyeusi na ukanda mweupe kwenye bawa la mbele. Wako wasio na ncha hiyo nyeusi, wanaoitwa dorippus, walioenea mashariki mwa Afrika na wanaopatikana pia Uarabuni. Na wako wenye weupe kwenye bawa la nyuma, wanaoitwa alcippus, waliozoeleka zaidi Afrika ya Magharibi. Ninyi wa Goma mko kati ya pande hizo mbili, kwa hiyo kuandika ni sura ipi mliyoiona, na lini, kuna faida kubwa kuliko kutafuta kipepeo adimu.

Hakikisha kwanza kwamba ni yeye. Jike la Hypolimnas misippus limemwiga kwa sura zote hizo, kwa sababu Danaus ana sumu anayoipata kutoka mimea yenye utomvu mweupe aliyoila akiwa kiwavi, na ndege humwepuka. Hesabu madoa meusi kwenye bawa la nyuma: Danaus ana matatu katikati, na dume huongeza la nne, jike la misippus lina moja tu, kwenye ukingo wa mbele wa bawa hilo. Andika pia siku ulizotoka kutafuta usimwone, na tumia penseli, kwa kuwa wino wa kalamu nyingi hutawanyika karatasi ikilowa.