Abaki kwanza ligi ya mkoa
Ndugu, umeuliza kama kijana wenu mrefu wa Ujiji, ambaye bado ni mchanga katika mpira wa kikapu, aende kukaa benchi la timu kubwa Dar es Salaam au abaki ligi ya mkoa hapa Kigoma. Naamini abaki, kwa sababu ulinzi, hatua za miguu na kusoma pasi hujifunzwa kwa kucheza dakika nyingi huku mtu akikosea na kurekebishwa. Mchezaji Pascal Siakam wa Kameruni alipelekwa Raptors 905, timu ya kukuzia wachezaji ya Toronto Raptors, akatwaa nayo ubingwa wa ligi ya maendeleo mwaka 2017, na mwaka 2019 akawa bingwa wa NBA, ligi kubwa ya kikapu ya Marekani na Kanada, akiwa na Toronto Raptors. Kocha amkabidhi kwanza ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kuingia, na ulinzi wa chini ya goli. Mitupo ya mbali isubiri.