Kuhusu kuuza Catalina 22 uliyoikarabati

Mkuu, umeuliza utangaze bei gani ili dola zote ulizotia kwenye mashua yako ya matanga, Catalina 22 ya 1978, zirudi. Hazirudi zote. Mashua hizi zilianza kutengenezwa 1969 na zimetoka zaidi ya 15,000, kwa hiyo mnunuzi hapo Texas ana nyingi za kuchagua. Analinganisha bei yako na ya jirani, hajali risiti zako.

Mjuzi atakuuliza kwanza habari za mkuku, yaani ule ubapa mzito wa chini ya mashua. Huo wako ni wa kushuka na kupanda: chuma cha kilo 250 hivi, kinaning'inia kwenye pini na kuvutwa kwa waya wa winchi. Kama umebadilisha pini na waya, weka picha zake mwanzoni kabisa mwa tangazo. Zitauza kuliko magodoro mapya ya ndani na rangi unayojisifia (nzuri kweli, lakini rangi huficha mengi na wanunuzi wanalijua hilo).

Halafu trela. Mtu anataka kuivuta siku hiyohiyo hadi kwake. Akikuta matairi yenye nyufa, beringi kavu au taa zisizowaka, atakukata bei papo hapo. Mashua yangu ilikaa miezi minne bila kuuzwa kwa ubahili wangu wa matairi mawili tu!

Karatasi za mashua na za trela ziwe kwa jina lako. Tangaza Machi, na akija mtu, akute mlingoti umesimama na matanga yamefungwa tayari kupandishwa.