Lusina ilinishinda, glirisidia ikanifaa

Nafuga mbuzi nje kidogo ya Wete, Pemba. Miaka mitatu nyuma nilipata mbegu za lusina (alfalfa), majani ya kulishia mifugo. Nikalima kipande cha bondeni, nikamwaga mbegu Machi, masika ndiyo yanaingia. Ziliota vizuri mno. Mwezi wa pili tangu kupanda, majani yakawa manjano, maji yakatuama, na nilipong'oa mche mmoja mzizi ulikuwa mweusi, laini, unanuka uozo.

Kosa langu lilikuwa bonde. Mzizi wa lusina hushuka chini sana na hauvumilii maji yaliyosimama. Tena haipendi udongo mchachu. Hustawi pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ikiwa karibu 6.5 hadi 7, na mbegu hutaka kupakwa bakteria wake ili mizizi ijitengenezee naitrojeni. Mimi sikupaka. Ukitaka kujaribu, tafuta kichanga kisichotuamisha maji, pima udongo, na uanze na kipande cha hatua kumi kwa kumi. Usimpe mbuzi mwenye njaa lusina mbichi yenye umande, tumbo litamjaa gesi, na gesi hiyo huua.

Mimi nimehamia kwenye glirisidia, mti ambao majani yake hulishwa mifugo. Nilikata vijiti vilivyokomaa, unene wa mpini wa jembe, nikavisimika kuzunguka banda, vikashika karibu vyote. Mwaka wa kwanza sikuvigusa. Sasa navikata kila baada ya miezi miwili au mitatu, navibakisha urefu wa kifua.

Lakini siku ya kwanza kuwapa mbuzi majani hayo, beberu alinusa, akapiga chafya, akageuza kichwa. Walishinda na njaa mbele ya majani kochokocho, na roho iliniuma. Bibi mmoja jirani alipita akaona, akaniambia, "Mwanangu, yalaze kwanza." Nikayakata jioni, nikayatandaza kwenye sakafu ya banda la nazi. Asubuhi yalikuwa yamenyauka, ile harufu kali imepungua. Nikayachanganya na mabingobingo, fungu moja la glirisidia kwa mafungu mawili ya nyasi. Wakala, kwanza kwa kuchaguachagua, halafu wakang'ang'aniana.

Wape hivyo kwa wiki nzima kabla hujaamua kwamba wameyakataa. Januari na Februari, nyasi zikikauka, vijiti vile bado vinachipua, na mimi bado nakata majani ya kuwapa mbuzi.